Pilau ya Mboga na Nasaba ya Maneno: Jiko la Kunduchi kama Ushahidi wa Historia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mada ya mhadhara huu ni sufuria moja ya pilau ya mboga, ipikwayo kwa mtindo wa Kiajemi katika nyumba ya kawaida ya Kunduchi, wilayani Kinondoni. Mada hii si ya mzaha. Asili ya Waswahili na ya lugha yao imejadiliwa kwa muda mrefu kwa kutumia misikiti, makaburi, sarafu na tarikhi za wafalme. Jiko halikupewa nafasi ya kutoa ushahidi. Nia yangu ni kuonesha kwamba msamiati wa mapishi una ushahidi mzito kuhusu jambo hilo, na kwamba sehemu ya ushahidi huo imo hatarini kupotea katika kizazi hiki hiki.

Kunduchi inafaa kwa kazi hii. Ni kitongoji cha wavuvi kilichomezwa na jiji, lakini kimehifadhi magofu ya msikiti wa karne ya 15 au 16, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Hakuna mtafiti makini atakayeyatazama makaburi hayo akasema kuwa waliozikwa pale ni Wachina. Chombo kilitoka mbali. Aliyekichagua, akakipachika katika nguzo na kukipa maana mpya, alikuwa mtu wa pale. Naomba msikilizaji alikumbuke tofauti hilo la chombo na mjenzi, kwa maana ndilo nitakalolitumia katika kuyachunguza maneno.

2.0 Swali la Washirazi

Tarikhi ya Kilwa, ambayo toleo lake moja lilihifadhiwa na mwandishi Mreno João de Barros katika karne ya 16, yasimulia kuwa watawala wa mwanzo wa mji huo walitoka Shiraz, Uajemi. Baadhi ya wataalamu wa enzi ya ukoloni waliipokea simulizi hiyo bila kuichuja, wakaugeuza ustaarabu wote wa pwani kuwa mali ya wageni. Jina lenyewe liliingia hata katika siasa: chama kilichoundwa Zanzibar mwaka 1957 kiliitwa Afro-Shirazi Party.

Isimu linganishi ilitoa jibu lake. Nurse na Spear (1985), na baadaye Nurse na Hinnebusch (1993), walionesha kuwa Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Visiwa vya Ngazija. Wengi wetu tuliridhika, tukaiweka simulizi ya Shirazi katika kabati la hekaya.

Mwezi Machi 2023 kabati hilo lilifunguliwa tena. Jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa na Mtwapa ikiwamo, pamoja na mji mmoja wa bara. Ilionekana kuwa kuanzia takriban mwaka 1000 watu wa Afrika na wa Asia walichanganya damu. Kwamba asili ya Kiafrika ilitoka hasa kwa wanawake. Na kwamba sehemu kubwa ya asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Ni kweli kwamba makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya watu wenye hadhi, hivyo hayawakilishi kila mkaazi wa pwani. Hata hivyo, swali limebaki mezani: ikiwa baba wa Kiajemi walikuwapo kweli, sauti yao iko wapi katika lugha?

3.0 Nafaka na majina yake

Tuanze na kilichomo ndani ya sufuria. Kiswahili hakina neno moja la nafaka hii: shambani ni mpunga, baada ya kukobolewa ni mchele, na baada ya kupikwa ni wali. Majina yote matatu ni ya Kibantu. La tatu lina historia ya kuvutia. Katika Kibemba cha Zambia, ubwali ni chakula cha unga uliosongwa. Ulinganisho huu unaashiria kuwa watu wa pwani walilichukua jina la zamani la chakula kikuu cha unga, wakalivisha nafaka iliyoanza kupendwa. Ushahidi wa akiolojia kutoka Pemba unaafikiana na hilo, kwani mabaki ya nafaka huonesha kuwa uwele ulitangulia kutawala, kisha mpunga ukachukua nafasi yake kuanzia karne ya 11 hivi.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alikaribishwa chakula Mogadishu. Alieleza kuwa alipewa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, ukiandamana na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Chakula alichokieleza ni wali na mchuzi: nafaka mbali, kitoweo mbali. Waajemi nao hutofautisha chelow, wali mweupe unaoliwa na mchuzi, na polow, wali uliopikwa pamoja na viungo, nyama au mboga. Msafiri huyo, kwa maelezo yake, alikutana na kinachofanana na cha kwanza.

4.0 Maneno ya Kiajemi na milango yake

Sasa tulitazame neno pilau. Kiajemi kina polow, ambalo umbo lake la zamani ni pilav. Lugha za India Kaskazini zina pulav na pulao. Kiarabu sanifu hakina kipasuo /p/. Neno lenye sauti hiyo likiingia Kiarabu, kwa kawaida hugeuzwa kuwa na /b/ au /f/, kama pilpil ya Kiajemi ilivyokuwa filfil. Kiswahili kinasema pilau na pilipili. Fonimu hiyo moja yatosha kutuambia kuwa maneno haya hayakupitia mlango wa Kiarabu sanifu, ingawa pilipili manga hubeba jina la Manga, yaani Uarabuni, kwa sababu ya wafanyabiashara walioileta sokoni. Njia ya neno na njia ya bidhaa si lazima ziwe moja.

Linganisha na mdalasini. Waajemi husema darchini, maana yake mti wa China. Kiarabu hakina /ch/, hivyo kilisema darsini. Kiswahili kina /ch/. Laiti tungelipokea neno hili kinywani mwa Mwajemi, pasingekuwa na sababu ya kuiacha sauti hiyo. Sauti /s/ katika mdalasini ni muhuri wa forodha ya Kiarabu. Ndivyo ilivyo kwa nahodha, ambalo /dh/ yake ni ya Kiarabu wakati Kiajemi kina /d/, na kwa Nairuzi, jina la siku ya mwaka, lililofuata umbo la Kiarabu nairuz badala ya nowruz. Hata sinia tunalopakulia pilau limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha Kichina. China ya makaburi ya Kunduchi, kumbe, imo pia mezani.

Mlango wa tatu ni India. Biriani na achari ni maneno yenye asili ya Kiajemi, lakini huku kwetu yameandamana na chapati, masala na kotmiri, ambayo ni ya Kihindi na Kigujarati. Abdulaziz Lodhi, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu athari za lugha za Mashariki katika Kiswahili, ameonesha jinsi mikondo hii ilivyopishana. Kwa kuwa pilau huishi katika kundi hili la maneno, naona uwezekano mkubwa ni kuwa ilikuja kwa njia ya India, pengine katika karne ya 19, wakati Zanzibar ilipowakusanya pamoja wafanyabiashara wa Kihindi, Waomani na askari wa Kibulushi. Umbo la neno peke yake haliwezi kuthibitisha hilo. Linaweza tu kuufunga mlango wa Kiarabu sanifu.

Hivyo basi, Uajemi umo jikoni, lakini karibu kila mara umefika ukiwa umeshikwa mkono na mtu mwingine.

5.0 Sufuria ya Kunduchi

Tupike sasa. Mpishi huchukua vikombe vitatu vya mchele, wa Kyela au wa basmati. Huuchagua, huuosha mpaka maji yatakate, na huuroweka kwa saa moja katika maji ya chumvi. Huku humenya karoti na kuzikatakata, hupukuchua njegere, na kuchambua kotmiri na majani ya vitunguu. Maji mengi yakichemka, hutia mchele na kuuacha dakika sita hadi nane, mpaka punje ilainike nje na kubaki na kiini kigumu, kisha huuchuja. Sehemu hii ndiyo ya Kiajemi hasa. Pilau yetu ya kawaida haichujwi: vitunguu hukaangwa mpaka vigeuke rangi, hutiwa bizari, mdalasini, karafuu na iliki, halafu mchele hunywa supu yote. Ajabu ni kwamba wali wa biriani ya pwani, unaochemshwa na kuchujwa, uko karibu zaidi na polow kuliko kile tunachokiita pilau. Jina lilikwenda njia moja, ufundi njia nyingine.

Baada ya kuchuja, mpishi huyeyusha samli chini ya sufuria, hupanga tabaka la wali na tabaka la mboga kwa zamu, na kunyunyizia zafarani iliyorowekwa. Mpishi wa Tehran hufunika kwa mfuniko uliozungushiwa kitambaa ili unyonye mvuke, kisha hupunguza moto. Mpishi wa Kunduchi mwenye jiko la mkaa hana haja ya kitambaa: hupunguza makaa chini na kuyaweka mengine juu ya mfuniko. Kitendo hiki huitwa kupalia. Baada ya dakika arubaini hivi hupakua, na chini hukuta ukoko, ambao wengine huuita matandu. Waajemi huuita tahdig, yaani chini ya chungu, na huuthamini kuliko wali wenyewe. Watoto wa pwani wanaougombea ukoko wangeelewana nao vizuri, ila jina la ukoko hawakuliazima kwao.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tazameni vitenzi: kuchagua, kuosha, kuroweka, kumenya, kukata, kupukuchua, kuchemsha, kuchuja, kukaanga, kupanga, kufunika, kupalia, kupakua. Vyote ni vya Kibantu, na vinabeba minyambuliko ya Kibantu: kupakua ni kinyume cha kupakia, kupalia limejengwa juu ya kupaa, yaani kuchukua makaa ya moto. Viungo na vyombo ndivyo vyenye majina ya kigeni.

Mwanaisimu makini atapinga kwamba nomino hukopwa kwa urahisi kuliko vitenzi katika lugha zote, hivyo hakuna jipya. Pingamizi hilo ni la haki, lakini Kiswahili hakiogopi kukopa vitenzi. Tunasafiri, tunasali, tunahesabu, tunarithi, tunafikiri, tunasamehe. Katika dini, sheria, biashara na safari, vitenzi vya Kiarabu vimejaa tele. Jikoni ni haba mno. Lugha iliyoufungua mlango wake msikitini na forodhani iliufunga jikoni.

Nani aliufunga? Pilau ya harusi aghalabu hupikwa na wanaume, lakini moto wa kila siku, ambao kando yake mtoto hujifunza kusema, ulikuwa wa mama na bibi. Ushahidi wa mwaka 2023 unasema kuwa mama hao walikuwa wa hapa. Basi vinasaba na isimu havipingani, kama wengine walivyoharakisha kusema. Baba aliyekuja kwa jahazi aliacha damu, na pengine simulizi ya Shirazi. Mwanawe alijifunza lugha penye mafiga.

6.0 Hitimisho

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema: litaokoa mapafu ya mama zetu na misitu yetu. Lakini jiko la gesi halina makaa ya kuweka juu ya mfuniko. Kupalia kutakoma, na neno litafuata, kama yalivyotoweka maneno mengi ya majahazi. Litakapotoweka, tutapoteza mojawapo ya mashahidi waliokuwapo tangu mwanzo wa kesi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanafunzi waliomo humu ni la vitendo. Likizo ijayo, kila mmoja akae jikoni na bibi yake, au na jirani wa Kunduchi, Mbweni au Bagamoyo, aandike kila kitenzi anachokitumia tangu kuwasha moto hadi kupakua, pamoja na lahaja yake na mahali alipokulia. Aandike pia majina ya ukoko, maana yanatofautiana kutoka mji hadi mji. Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala maabara, na wanaoweza kuijibu bado wako hai.