Maiti Watembeao na Bei ya Ila

Itikadi ya maiti afufuliwaye kwa uchawi ili atumikishwe shambani asili yake ni Haiti, koloni ya miwa ya Wafaransa, ambako mtumwa, aliyetaraji kwamba mauti walau yatamtoa mikononi mwa bwana wake, hakuchelea jambo kama kunyimwa hata faraja hiyo. Wamarekani, walioikalia nchi hiyo kijeshi tangu 1915 hadi 1934, walirejea kwao na hadithi hizo, na mwaka 1932 senema ya White Zombie ikazieneza. Lakini aliyewafanya maiti hao kuwa makundi ya wala watu ni George Romero, katika filamu yake ya 1968, na tangu hapo habari ya utumwa ikasahauliwa, ikabaki hofu tupu.

Hofu hiyo ndiyo iliyorithiwa na michezo ya video. Capcom wa Japani walipotoa Resident Evil mwaka 1996, mchezaji alihiyarishwa baina ya Chris Redfield na Jill Valentine, wote wawili askari hodari waliokwisha kufundwa silaha, na hiari yake ikakoma hapo.

Mwaka 2011 kikundi kidogo cha Uingereza, The Indie Stone, kilianza kuuza Project Zomboid hali haujakamilika, mchezo uliowekwa Kentucky ya 1993, katika miji ya Muldraugh na West Point, ambao humtangazia mchezaji tangu mlangoni kwamba atakufa. Oktoba mwaka huohuo wezi waliingia nyumbani kwao Newcastle wakachukua kompyuta mbili, na kazi nyingi isiyokuwa na nakala mahali pengine ikapotea. Wakaanza kuijenga upya.

Mahali pa kukawia ni pale mhusika anapoumbwa. Mchezaji humpa kazi, awe seremala, zimamoto, mkata magogo, hata mvunja nyumba, kisha hupima sifa na ila kama karani wa mizani: katika toleo la 41, lililotoka Desemba 2021, nguvu za mwili ni pointi 10, na asiyekuwa nazo sharti azichume kwa kuridhia kutojua kusoma, ila ilipayo 8, au uvutaji wa sigara, ulipao 4, au uziwi, ulipao 12. Baadaye, umeme ukishakatika na mabomba kukauka, deni hudaiwa: mvutaji hupekua mifuko ya maiti akitafuta sigara, asiyesoma hupita kabati la vitabu vya useremala ambavyo vingemfaa, na kiziwi hasikii kioo kikivunjwa nyuma yake. Wako wajanja wachukuao ila zisizowadhuru, nami siwahusudu, kwani huo ni ubakhili mbele ya mauti yasiyoepukika.

Kwa rai yangu hapo ndipo mchezo huu ulipowapita waliotangulia, kwa kuwa anayekufa ndani yake ni mtu mwenye wasifu wake. Basi msomaji atakaye kuujaribu na amwache mkata magogo, aanze na asiye na kazi, mwenye macho mafupi.