Slesi za Mayai

Slesi za mayai ni vipande vya mkate wa ngano vilivyolowanishwa katika mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa, kisha vikakaangwa kwa mafuta kidogo hadi vikageuka rangi ya hudhurungi pande zote mbili. Waingereza huziita tosti ya Kifaransa. Kwa Kiswahili jina halijatulia: kuna wasemao tosti ya mayai, kuna wasemao mkate wa kuchovya, na anayesema "mkate wa mayai" ajue kwamba huko pwani jina hilo lina mwenyewe, nalo ni la keki laini ya mayai, sukari na unga. Majina mengi kati ya haya yanalitaja yai, na vitabu vya mapishi hufuata mkondo huohuo vinapokiweka chakula hiki katika mlango wa mayai, jirani na kimanda. Makala haya yanakiweka katika mlango wa viporo. Mkate uliolala ndio asili yake, ndio unaoamua kama kitaiva vizuri au kitaharibika, na katika nyumba ya Kasingirima, kata ya mji wa kale wa Ujiji katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, ndio sababu ya maana ya kukipika.

Ushahidi wa kwanza uko katika historia. Mapishi ya zamani zaidi yanayofanana na haya yamo katika mkusanyo wa Kirumi unaoitwa kwa jina la Apicius, ambao umetufikia katika umbo la mwishomwisho wa dola ya Kirumi. Humo mpishi anaambiwa atoe ganda la mkate mweupe, aumegue vipande vikubwavikubwa, avitie katika maziwa, avikaange kwa mafuta, kisha avimwagie asali. Yai halitajwi. Kilichokuwapo tangu mwanzo ni mkate, kimiminiko cha kuulainisha, mafuta na utamu. Yai liliingia baadaye ili kuishika rojo isitoroke. Majina ya Ulaya yanasema hivyohivyo. Wafaransa huita chakula hiki mkate uliopotea, yaani mkate ambao ungetupwa kama usingeokolewa. Wajerumani hukiita mashujaa maskini, jina la watu wenye hadhi lakini wasio na kitu mfukoni. Wahispania nao wana torrijas, ambazo hupikwa zaidi wakati wa Kwaresima na Juma Kuu. Wala jina la Kifaransa halihitaji kuvuka bahari ili lifike Ujiji: Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Bujumbura, kwenye ncha yake ya kaskazini, Kifaransa ni lugha ya shule.

Ushahidi wa pili, na ndio mzito zaidi, uko ndani ya mkate wenyewe. Wanga wa ngano ukiiva tanurini hunyonya maji na kulegea. Mkate ukipoa, wanga huo huanza kujipanga upya na kukazana, na maji hujitenga nao. Ndiyo maana mkate hukakamaa hata ukiwa katika mfuko uliofungwa, ambamo unyevu hauna pa kutokea. Na ndiyo maana anayeutia kwenye friji akidhani anauhifadhi laini huukakamaza upesi zaidi, kwa kuwa baridi ya friji huharakisha mkazano huo. Lakini wanga huohuo ukipata unyevu na kupashwa moto tena, kufikia nyuzi 60 hivi za Selsiasi, hulegea upya. Basi kikaango hakiufichi ukavu wa mkate, kinauondoa. Njia nyingi za kawaida za kula mkate wa juzi haziwezi kusema hivyo: kuupaka siagi ni kuusitiri, kuuchovya katika chai ni kuuvuruga.

Mkate wa leo hauna cha kuondolewa. Ndani yake bado ni laini na una unyevu mwingi, na kuta za matundu yake ni dhaifu. Ukiuchovya, rojo huzivunja kuta hizo, slesi hulegea mkononi, na ikifika kikaangoni nje inaungua huku katikati ikibaki uji. Mpishi aliyepatwa na hayo kwa kawaida huyalaumu mayai au moto. Kosa la kwanza, hata hivyo, alilifanya dukani alipochagua mkate laini kuliko yote. Kuta za mkate wa jana au juzi zimekaza, nazo hunywa rojo kama sifongo linywavyo maji, bila kubomoka. Kama mkate mkavu haupo na hamu imekwisha kuwapo, slesi zipangwe juu ya ungo usiku kucha, zikifunikwa kwa kitambaa chepesi, au zipitishwe juu ya mkaa unaofifia kwa dakika chache kila upande. Njia hii ya pili huondoa unyevu tu, haiukazi wanga kama muda unavyoukaza, lakini inatosha kuzuia uji wa katikati.

Hesabu ya vitu nayo inauunga mkono mkate. Kwa slesi nne zenye unene wa sentimita 2 hivi, mayai mawili ya kuku wa kisasa na nusu kikombe cha maziwa vinatosha. Mayai hayo bila maganda ni kama gramu 100. Mkate wenyewe ni mzito kuliko hayo. Ya kuku wa kienyeji ni madogo, basi yatahitajika matatu. Maziwa ya unga yaliyokorogwa hufaa sawa na ya ng'ombe. Chumvi itiwe kidogo hata kama slesi ni za utamu, na iliki au mdalasini ni hiari ya mwenye nyumba. Sukari ndiyo ya kuogopwa. Mikate mingi ya dukani Tanzania imekwisha kutiwa sukari, na sukari ya ziada katika rojo hufanya mambo mawili kwa pamoja: huchelewesha yai kuganda ndani na kuharakisha nje kubadilika rangi. Kijiko kimoja cha chai ndiyo mwisho, na anayetaka utamu zaidi aumwage juu slesi zikiwa sahanini. Asali ya misitu ya miombo, ambayo mkoa wa Kigoma haujaikosa, inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko sukari yoyote. Kuhusu unene, mkate uliokatwa tayari kiwandani ni mwembamba mno. Ununuliwe mzima, ukatwe nyumbani.

Muda wa kuchovya hutegemea ukavu. Slesi ya jana hulazwa katika rojo kwa nusu dakika kila upande, ya siku mbili au tatu hata dakika nzima, kisha huinuliwa na kuachwa ichuruzike kabla ya kwenda kikaangoni. Hapo linakuja suala la jiko, ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa watumiaji wa gesi huliruka. Kiini cha yai huganda kati ya nyuzi 65 na 70. Yai lililochanganywa na maziwa hudai zaidi, karibu nyuzi 80, kwa sababu maziwa yameitawanya protini yake. Rangi ya hudhurungi ya nje hutokea uso wa mkate ukipita nyuzi 140. Kazi ya mpishi ni kuufikisha moto wa kwanza katikati ya slesi kabla ule wa pili haujaunguza nje, na hilo hutaka moto wa wastani usiobadilikabadilika. Jiko la mkaa halina kitufe cha kupunguza. Lakini lina wakati wake: chai ikishachemka na birika kuteremshwa, mkaa uliobaki, ukitandazwa na kufunikwa kwa majivu kidogo, hutoa joto linalofaa kabisa. Tone la rojo likidondoshwa katika mafuta liimbe taratibu. Likipiga kelele na kukauka papo hapo, kikaango kisubiri. Dakika 3 kila upande hutosha, na slesi ikibonyezwa katikati kwa mwiko isitoe maji.

Kuhusu mafuta kuna mjadala wa wenyeji ambao haupaswi kupuuzwa. Kigoma ni nchi ya michikichi. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858 pamoja na John Speke, aliutaja mti huo na mafuta yake. Na mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alianzisha kampeni ya kulifufua zao hilo mkoani, utafiti wake ukiwekwa katika kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Je, mawese yanafaa kukaangia slesi? Wapinzani wanasema mawese ni ya samaki, maharage na kisamvu, na kwamba harufu yake huufunika mkate. Wanasema kweli kwa slesi tamu: mawese mekundu yasiyosafishwa na asali havielewani, na kwa hizo ni bora mafuta ya alizeti au kijiko cha samli. Lakini utamu si sharti la chakula hiki. Wahindi hupika aina yake ya chumvi, rojo ikitiwa kitunguu, pilipili na manjano, na slesi za namna hiyo zikikaangwa kwa mawese hupata ladha na rangi ambayo alizeti haiwezi kuzipa. Tahadhari ni moja: mawese yasichomwe mpaka yakapoteza wekundu wake, maana wekundu huo ndio karotini, chanzo cha vitamini A, na moto mkali huuteketeza.

Pingamizi jingine husikika mara kwa mara: kwamba chakula hiki ni cha kigeni, na mji wa dagaa, migebuka na ugali wa muhogo hauna haja nacho. Hoja hii haina miguu ya kusimamia. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno. Mchikichi asili yake ni upande wa magharibi wa bara. Ngano nayo si mgeni wa jana, kwani Waarabu wa Tabora waliilima kwa matumizi yao katikati ya karne ya 19, kwenye njia ileile ya misafara iliyoishia Ujiji. Kilicho kweli ndani ya pingamizi hilo ni kitu kingine, nacho ni gharama. Tanzania huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na ngano inayoshuka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kufika Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati tangu mwaka 1914. Mkate unaokauka mezani umebeba safari yote hiyo. Mpishi anayekaanga kiporo cha wali kwa kitunguu asubuhi hahitaji kufundishwa falsafa ya slesi za mayai. Anayo tayari, ila hajaihamishia kwenye mkate.

Mkate mkavu usichanganywe na mkate ulioota ukungu. Kukauka ni badiliko la wanga tu na hakuna madhara. Ukungu ni kiumbe, na kando ya ziwa, miezi ya mvua, huota upesi ndani ya mfuko wa plastiki. Kuukata upande wenye madoa hakutoshi, kwa kuwa nyuzi zake hupenya mbali kuliko jicho linavyoona, na baadhi ya sumu za kuvu hazivunjwi na moto wa kikaango. Mkate wa namna hiyo hutupwa, hata kama umebaki zaidi ya nusu. Rojo nayo isilazwe. Ipigwe ya kutosha, na ikibaki ikaangwe papo hapo iliwe kama kimanda.

Lipo pingamizi la mwisho, na ni zuri kuliko yote: yai ni chakula ghali na bora, kwa nini lifichwe ndani ya mkate badala ya kuliwa lenyewe? Jibu ni kwamba halifichwi, linagawanywa. Mayai mawili yaliyochemshwa huwashibisha watu wawili. Mayai hayohayo ndani ya slesi nne nene huwafaa wanne, kila mmoja na kikombe chake cha chai, na mkate ambao hakuna aliyeutaka jana umeliwa wote. Hesabu hiyo inasimama pale tu mkate ulipo na umekauka. Kwenda dukani kununua mkate mpya ili uchovywe katika mayai ni kulipa mara mbili na kupata chakula kibaya zaidi. Kama mkate ni wa leo na yai ni moja, chemsha yai.