Neno na Joho la Mwanafalsafa

Injili ya Yohana iliandikwa kwa Kiyunani, nayo humwita Kristo Logos. Katika Biblia zetu za Kiswahili twasoma Neno. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila haibebi mzigo wote. Kwa Wayunani logos ilikuwa pia akili, na wanafalsafa Wastoa waliitaja hivyo akili inayoutawala ulimwengu.

Justin, mzaliwa wa Palestina aliyeuawa Roma yapata mwaka 165, aliishika maana hiyo. Alipoamini hakulivua joho la wanafalsafa. Alifundisha kwamba walioishi kwa kuifuata Logos, kama Socrates, walikuwa Wakristo hata kabla ya Kristo kuzaliwa.

Tertullian wa Carthage alikataa. Aliona Athens na Yerusalemu hazina shirika. Hata hivyo, alipoandika juu ya roho ya mwanadamu, aliazima mawazo ya Wastoa wale wale.

Niliyefundisha miaka mingi sishangai. Lugha haiji mikono mitupu. Huja na fikra za wenyewe. Injili ilikwisha kuandikwa kwa lugha ya Athens. Lililobaki kwa Mkristo lilikuwa kuzipima fikra hizo, apokee nini na aache nini. Justin alizipima hadharani. Tertullian alizifukuza mlangoni, zikaingia dirishani.