Mafuta ya Nyonyo Ndani ya Dripu

Kichupa cha paklitakseli ukikiinamisha, kilichomo hakikimbii kama maji. Kinajivuta, kizito, cha njano iliyofifia, kinang'ang'ania kioo kama asali changa. Kila mwanafunzi anayeingia chumba cha kuchanganyia dawa za saratani nampa kwanza kichupa hicho akigeuze mkononi. Uzito anaouona si dawa. Ni mafuta ya nyonyo, yaliyogeuzwa kiwandani mpaka yakakubali maji, yakachanganywa na spiriti. Nyonyo hii hii ambayo bibi zetu walitupaka kichwani.

Dawa yenyewe ilitoka kwenye gome la mti. Agosti 1962, katika msitu wa jimbo la Washington, Marekani, mtaalamu wa mimea Arthur Barclay alibandua magome ya mti uitwao Taxus brevifolia. Monroe Wall na Mansukh Wani, huko North Carolina, walichuja kiini chake, na mwaka 1971 wakachapisha umbo lake. Kiliua seli za saratani, lakini maji kiliyakataa katakata. Na mshipani ni majini: dawa isiyoyeyuka inageuka chenga kabla haijafika popote. Kwa miaka kadhaa wachache tu waliijali, mpaka mwaka 1979 Susan Horwitz wa New York alipoonyesha jinsi inavyokaza nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa.

Nyonyo ndiyo iliyoivusha, na nyonyo hiyo hiyo ikaleta balaa. Katika majaribio ya miaka ya 1980 wagonjwa walivimba, pumzi ikakata, presha ikaporomoka. Majaribio mengine yalisitishwa. Dawa iliponea kwa uvumilivu: dripu ikaenda taratibu, na mgonjwa akatangulizwa deksamethasoni na dawa za mzio. Kwa utaratibu huo ilipata kibali Marekani Desemba 1992.

Wataalamu wa usingizi walikuwa wameshapita njia hiyo. Propofoli nayo ilianza na nyonyo, ikaleta mzio, ikaondolewa. Iliporudi mwaka 1986 ilikuwa nyeupe kama maziwa, imebebwa na mafuta ya soya na lesithini, mafuta ya kiini cha yai. Maziwa ya namna hiyo yalishatengenezwa na Arvid Wretlind wa Sweden kwa ajili ya kuwalisha wagonjwa mshipani, yakaanza kutumika mwaka 1962, mwaka ule ule wa magome. Jibu lilikuwepo. Nikilifikiria hilo huwa naumia.

Kwa nini basi paklitakseli isibebwe vivyo hivyo? Kuona lesithini inavyobeba dawa, inabidi twende Babraham, karibu na Cambridge, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Alec Bangham, pamoja na R. W. Horne, waliweka lesithini ya yai chini ya hadubini ya elektroni. Wakaona viduara ndani ya viduara, kama kitunguu kilichokatwa. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Zikitiwa majini zinajipanga zenyewe, mikia kwa mikia, zinafunga kiputo. Viputo hivyo vikaitwa liposomu, na miaka ya 1970 Gregory Gregoriadis na wenzake wakaanza kutia dawa ndani yake.

Mwaka 1995 liposomu ya kwanza ya saratani ilipata kibali Marekani, kazi iliyotokana na Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon wa Jerusalem, kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye sakoma ya Kaposi. Kiputo chake hakizidi nanomita 100, yaani milimita moja uigawe mara 10,000. Lakini ilibeba doksorubisini, ile dawa nyekundu, ambayo inapenda maji na inatulia tumboni mwa kiputo. Paklitakseli haikai humo. Inajibana ukutani, katikati ya mikia, na ukuta ni mwembamba: ukiijaza kupita kiasi inachomoza, inaganda. Mwaka 2003 Wachina waliruhusu paklitakseli iliyobebwa na liposomu, bila nyonyo.

Sisi bado tuna kichupa kizito. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wagonjwa wa Kaposi wa Kenya, Uganda, Malawi na kwingineko, wenye UKIMWI na uvimbe uliokwisha kusambaa: paklitakseli ilizishinda tiba nyingine mbili zilizokuwa zikitumika. Kwa hiyo tunaitumia, na nyonyo yake.

Mama mmoja, dakika ya tano ya dripu yake ya kwanza, alinishika mkono. "Mwanangu, kifua kinanibana." Midomo ilikuwa imeanza kuvimba. Tukafunga dripu, muuguzi akamchoma haidrokotisoni, tukasubiri. Alipotulia aliniuliza ni kitu gani kimemkataa. Nikamwambia: si dawa, mama, ni mafuta ya nyonyo. Akanitazama muda mrefu. Kwao Singida, alisema, walikuwa na shamba la nyonyo.

Tangu siku ile, nikishaikabidhi chupa ya dripu, sirudi chumbani kwangu. Navuta kiti, nakaa na mgonjwa robo saa ya kwanza, macho kwenye matone.