Safu ya Lugha: Kutweza

Katika soko la Majengo, Dodoma, utasikia "kudhalilisha", au "kumshusha mtu hadhi". Kutweza ni nadra. Neno hili lina makao yake kwenye Katiba ya Tanzania, Ibara ya 13(6)(e), inayokataza adhabu za kumtweza mtu.

Dodoma ndipo lilipopimwa kwa uzito wote. Mwaka 1994, katika shauri la mshtakiwa aitwaye Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kuwa kunyongwa ni adhabu ya kikatili, inayomtweza binadamu, hivyo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inatweza, kisha ikaiacha ibaki, kwa sababu Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria kubana haki kwa manufaa ya umma. Soma tena sentensi hiyo, msomaji. Inatweza, na ni halali!

Lakini kutweza hakungoji hukumu. Mtuhumiwa aliyefungwa pingu anapigwa picha akiwa amechuchumaa, na gazeti linaandika "jambazi" kabla hata hakimu hajasikiliza shahidi mmoja. Mahabusu wa gereza la Isanga si mfungwa. Ibara ileile ya 13(6), aya ya (b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika.

Wahariri, "mtuhumiwa" ni neno fupi na halijazi ukurasa. Litumieni, na picha ile ya kuchuchumaa iacheni.