Misemo ya Kiingereza Kuhusu Ulevi na Chimbuko Lake

Wahenga wetu walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtu asiyepata kumwona mgema akikwea mnazi hawezi kuionja ladha ya methali hiyo, hata akifahamu maana ya kila neno lililomo. Ndivyo ilivyo pia kwa misemo ya mataifa mengine. Katika makala haya tunakusudia kuitazama misemo michache ya Waingereza juu ya ulevi. Nia yetu si kuusifu ulevi, bali ni kuonyesha kwamba kila msemo umebeba historia ya watu walioutunga, na kwamba mfasiri asiyeijua historia hiyo hupotea, akawapoteza na wasomaji wake.

Miaka mingi iliyopita, tukiwa katika utumishi wa ofisi moja, tuliletewa tafsiri ya hadithi ya mabaharia wa Kiingereza. Mfasiri, kijana aliyefuzu vizuri masomo yake, alikuwa ameandika kwamba nahodha alirejea chomboni "akiwa na shuka tatu upeponi". Wenzetu waliangua kicheko. Walidhani nahodha kaanika matandiko. Walakini kijana hakuikosea kamusi. Neno lile la Kiingereza, ambalo yeye alilijua kwa maana ya shuka ya kitandani, kwa mabaharia ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga. Kamba tatu za namna hiyo zikifunguka, matanga hupigapiga ovyo na chombo huenda kikiyumba, kama aendavyo mlevi njiani. Msemo huo ulienea katika karne ya 19, zama za merikebu za matanga.

Jambo lililotusikitisha ni kwamba kamba hiyo si ngeni kwetu. Manahodha wa majahazi wa pwani yetu huiita demani. Lau kijana yule angalishuka bandarini akamwuliza mzee mmoja wa chombo, angaliweza kuandika kwamba nahodha alirejea "demani zimemfunguka", na kila mtu wa pwani angalimwelewa.

Si ajabu kwamba misemo mingi ya namna hii ilitoka baharini, kwani katika jeshi la majini la Uingereza kinywaji kikali kilikuwa sehemu ya posho. Mwaka 1740, Admeri Edward Vernon, alipoona mabaharia wake wanaharibika kwa ulevi, aliamuru kwamba nusu painti ya ramu aliyopewa kila mtu kwa siku ichanganywe na maji mara nne yake. Admeri huyo alizoea kuvaa joho la kitambaa kizito kiitwacho grogram, na mabaharia walimpa jina la utani la "Grog Mzee". Basi ile ramu yenye maji nayo ikaitwa "grog", na mtu anayepepesuka, awe mlevi au mpiganaji wa ngumi aliyezidiwa, husemwa kwa neno lililozaliwa na jina hilo. Mgema wetu hutia maji kwa kulewa sifa; Admeri alitia maji kwa amri. Posho hiyo ya ramu ya kila siku ilidumu hata tarehe 31 Julai 1970, ndipo ilipofutwa.

Misemo mingine ilizaliwa na uhasama. Katika karne ya 17 Waingereza na Waholanzi walipigana vita vitatu vya baharini, vya 1652 hadi 1654, 1665 hadi 1667, na 1672 hadi 1674. Ushindani huo ulikiachia Kiingereza misemo mingi ya kumdhihaki Mholanzi. Mojawapo ni ule wa kuuita ushujaa wa mtu aliyelewa "ujasiri wa Kiholanzi". Lakini ukweli wa mambo uliwasuta watungaji. Pombe kali ya jini, ambayo asili yake ni Uholanzi, ilienea mno London katika karne ya 18, hata Bunge likalazimika kutunga sheria za kuizuia, mwaka 1736 na tena mwaka 1751. Mwaka huo wa 1751 William Hogarth alichora picha mashuhuri ya mtaa wa walevi wa jini, na katikati yake yumo mama aliyelewa, mtoto wake akiporomoka kutoka mikononi mwake. Aliye mlevi alikuwa Mwingereza. Jina la aibu alibandikwa jirani.

Aghalabu misemo hii ilitungwa na wanywaji wenyewe, na kwa hiyo huchekesha. Waliosubiri nyumbani mshahara usiofika hawakuwa na cha kuchekea. Sauti yao ilisikika mwaka 1832, pale Joseph Livesey na wenzake sita walipotia sahihi ahadi ya kuacha pombe mjini Preston. Mwaka uliofuata, mfanyakazi mmoja wa mji huo, Richard Turner, aliposimama kusema kwamba yataka kuacha kabisa, alilitia mkazo neno la "kabisa" kwa kuirudia herufi yake ya kwanza. Hapo likazaliwa neno ambalo Waingereza hulitumia hata leo kumwita mtu asiyeonja pombe.

Msemo wetu wa mwisho ni wa kale zaidi, kwani umo katika mkusanyo wa methali wa John Heywood wa mwaka 1546. Mlevi anayeamka na maumivu ya kichwa akanywa tena ili apone, husemwa kwamba ametafuta unyoya wa mbwa aliyemwuma. Maana watu wa zamani waliamini kwamba unyoya huo ni dawa ya jeraha. Hapa mfasiri hana haja ya mbwa wala unyoya. Kiswahili kina neno moja tu, nalo ni kuzimua.

Ndugu msomaji, lugha yetu haikupungukiwa na maneno. Yamo baharini, mashambani na vilabuni mwetu. Kijana yule wa shuka tatu alikuwa na kamusi nzuri mezani, na bandari ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka ofisini. Tuliirudisha tafsiri yake, na safari hii tulimwagiza aanzie bandarini.