Maduka ya piesi za radio: wakati katalogi ilikuwa shule ya mafundi

Fundi wa radio wa kwetu akikosa transista moja, mara nyingi anaitoa ndani ya mashine iliyokufa. Kule Marekani, kwa miaka mingi fundi alikuwa na njia nyingine: duka la piesi mu mtaa, ao katalogi iliyomfikia kwa posta.

Duka lililojulikana sana ni RadioShack. Ndugu wawili, Theodore na Milton Deutschmann, walilifungua Boston mu 1921. Jina linatokana na kile chumba kidogo cha radio juu ya meli. Mu 1963 lilinunuliwa na kampuni ya Charles Tandy wa Texas, iliyokuwa inauza vitu vya ngozi, kisha likaenea inchi yote. Rezistansi na kondensateri zilitundikwa ukutani ndani ya vifuko vidogo. Hata mtoto wa shule aliweza kujinunulia.

Kampuni ya Heathkit, ya Benton Harbor mu Michigan, ilifuata njia ya posta. Mu 1947 ilichukua piesi zilizobaki kwa jeshi kisha Vita ya Pili ya Dunia, ikauza osiloskopu, ni kusema mashine inayoonyesha mwendo wa umeme, kwa dola zisizopita 50. Mteja alipata sanduku la piesi na kitabu: weka hii hapa, chomelea, tia alama, endelea. Akimaliza, alikuwa na mashine, na tena alijua namna inafanya kazi.

Heathkit iliacha kazi hiyo mu 1992. RadioShack iligeukia kuuza simu, na mu Februari 2015 ikaomba tribinali itambue kwamba imefilisika. Wakati huo piesi zilikuwa zimekuwa ndogo sana kwa mkono wa mtu, na kununua mashine mpya kulikuwa rahisi kuliko kutengeneza ya zamani.

Wenye kukumbuka maduka yale hawalilii vifuko tu. Wanalilia mchoro, ile karatasi iliyomwambia kila mtu kwamba naye anaweza.

Kwetu radio ikikufa kijijini, habari za usalama na za magonjwa zinakatika. Mafundi tunao, shida ni piesi na michoro. Basi usitupe radio mbovu, ipeleke kwa fundi. Na wewe fundi, andika mu kaye namba ya kila piesi unayotoa na mashine ilimotoka. Kaye hiyo ndiyo katalogi yako, na kesho itafundisha mwanafunzi wako.